Vijana wa Kujitolea na Mahitaji ya Kijiji: Mafunzo Kutoka Rubafu

Kujitolea ni jambo la sifa katika nchi yetu, na vijana wanaokwenda vijijini wakati wa likizo au baada ya kumaliza masomo wanastahili shukrani. Lakini shukrani isitufanye tuache kuuliza swali lililo gumu kuliko yote katika kazi hiyo: kijana huyo amejuaje kwamba kile anachokipeleka ndicho kinachohitajika? Aghalabu jibu ni kwamba hakujua. Alikuwa na rangi, akapaka ukuta wa shule. Alikuwa na vitabu, akavigawa. Alikuwa na mwezi mmoja, akatafuta kazi ya mwezi mmoja. Hapo mahitaji ya kijiji yamekatwa kwa kipimo cha mgeni, kama kanzu iliyoshonwa kabla ya kumpima mwenye kuivaa.

Maoni yangu ni kwamba kutambua mahitaji ya kijiji ni kazi ya kisayansi kwa maana kamili ya neno hilo. Ndani yake mna kutazama, kuuliza, kupima, kukisia sababu, na kuijaribu sababu hiyo kabla ya kuiamini. Kijana anayeiruka kazi hii anabahatisha, na anayelipa gharama ya kubahatisha kwake ni mwanakijiji. Nitaeleza maoni haya kwa kutumia mfano wa Rubafu na sehemu nyingine za Mkoa wa Kagera, kwa sababu mkoa huo umechunguzwa na wataalamu wengi, na historia yake ina mafunzo ambayo kijana yeyote wa kujitolea angepaswa kuyajua.

Jicho la mgeni

Rubafu ni kata ya Wilaya ya Bukoba, katika nchi ya Bugabo, kaskazini ya mji wa Bukoba, kandokando ya Ziwa Victoria. Ukanda huu wa ziwa hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na mgeni anayetoka katika mikoa ya kati huona migomba, mibuni na miti iliyositawi pande zote. Hukumu yake ya kwanza ni kwamba hapa pana neema, na kwamba kama pana umaskini basi sababu yake ni uvivu au ujinga. Hukumu hiyo ni ya haraka, na si ya kweli.

Udongo wa matuta yaliyo karibu na ziwa ulitokana na mawe ya mchanga, na mvua ile ile inayoonekana kuwa neema imeuchuja kwa muda mrefu mno hata ukapoteza sehemu kubwa ya virutubisho vyake. Anayetaka ushahidi na atoke kibanjani aingie katika rweya, yaani mbuga ya nyasi inayozunguka makazi, aone jinsi mimea ilivyo dhaifu katika ardhi ambayo haikutunzwa. Rutuba ya kibanja ilijengwa na mikono ya watu, kizazi baada ya kizazi, kwa samadi ya ng'ombe, mabaki ya jikoni, na nyasi zilizokatwa katika rweya na kutandazwa chini ya migomba. Kwa hiyo ng'ombe wakipungua, au mikono ya kukata nyasi ikipungua, kibanja huanza kudhoofika. Na migomba iliyodhoofika hushindwa upesi zaidi na fukusi na minyoo ya mizizi. Ukijani unabaki, lakini mikungu inakuwa midogo mwaka hadi mwaka.

Fundo la kwanza, basi, ni hili: jicho peke yake halitoshi. Kijana anayefika kijijini na afanye kazi ya kutazama kwa siku nyingi, katika nyakati mbalimbali za siku, na akiwezekana katika majira yote mawili ya mvua na ya kiangazi, kabla hajathubutu kusema nini kimepungua.

Amri na hiari

Wapo wasomi wanaoamini kwamba mtaalamu akishajua ukweli, kazi iliyobaki ni kuwatekelezesha wananchi. Historia ya Bukoba inawasuta. Mwaka 1937 wakulima wa huko walipinga vikali kanuni za kilimo cha kahawa zilizotolewa chini ya utawala wa kikoloni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 likatokea jambo la namna hiyo juu ya migomba: serikali ilianzisha kampeni ya kupambana na fukusi, na wakulima wakaamriwa kusafisha vibanja na kung'oa migomba iliyoathirika. Tuelewe vizuri kwamba fukusi ni mdudu wa kweli na madhara yake ni ya kweli. Katika jambo la wadudu wataalamu hawakukosea. Lakini kibanja cha Mhaya ni ghala la chakula, ni urithi wa ukoo, na ndani yake mna makaburi ya wazee. Amri ya kukiingilia iliamsha hasira, na hasira hiyo ikaingia katika siasa za kudai uhuru. Ukweli wa kisayansi ulishindwa kwa sababu uliletwa kwa njia isiyokubalika.

Tulinganishe na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu karibu milioni 2 katika nchi nzima walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, wakajadiliana juu ya malaria, kichocho, kuhara na magonjwa mengine, kisha kila kikundi kikaamua kitafanya nini. Vyoo vingi vilichimbwa bila ya askari kusimama juu ya mashimo. Maarifa yalitoka kwa wataalamu. Uamuzi ulibaki kwa wananchi. Kijana wa kujitolea hana askari wala sheria ya kumlazimisha mtu, na hiyo ni bahati yake, maana inambidi afuate njia ya pili.

Ni nani anayejibu?

Wengine watasema: basi kazi ni rahisi, iteni mkutano, waulizeni wananchi, watasema wenyewe wanachokitaka. Na kweli sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imekipa kijiji chombo cha kufanya hivyo. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na chini yake ipo halmashauri ya kijiji. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 serikali imekuwa pia na utaratibu wa kupanga mipango unaoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao huwataka wanakijiji wenyewe waorodheshe walichonacho na kinachowazuia. Kijana anayepuuza vyombo hivi anakosa adabu na anapoteza wakati.

Lakini mkutano nao una sauti zake na ukimya wake. Katika kijiji cha Nyakatoke, kilichomo katika Wilaya hiyo hiyo ya Bukoba, mchumi Joachim De Weerdt alifanya utafiti mwaka 2000 ambamo kaya zote 119 za kijiji zilihojiwa, na watu wakaulizwa ni nani wanaoweza kuwategemea wakati wa shida. Ilionekana kwamba watu husaidiana kwa kufuata undugu, ukoo, dini, ujirani na marafiki wa pamoja, jambo ambalo halimshangazi mtu yeyote aliyekulia kijijini. Lakini ilionekana pia kwamba kaya maskini zina nyuzi chache zaidi za kutegemeana kuliko kaya zenye uwezo. Tafakari maana yake. Yule anayehitaji zaidi ndiye mwenye watu wachache wa kumsemea. Mkutanoni hatafika, au atafika akakaa nyuma, au hitaji lake litamezwa na hitaji la mwenye ukoo mkubwa.

Kwa hiyo kijana na aanze mkutanoni, lakini asiishie mkutanoni. Apate orodha ya kaya zote kutoka kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha azitembelee, akianza na zile zilizo mwisho wa njia. Azungumze na bibi anayelea wajukuu peke yake. Kagera ina nyumba nyingi za namna hiyo, kwa kuwa ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walikotambuliwa mwaka 1983, na ugonjwa huo ukaacha yatima wengi. Azungumze na mjane, na mvuvi anayerudi alfajiri, na kijana aliyeacha shule. Na asisimame mlangoni na karatasi ya maswali mkononi. Buhaya mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna. Aketi, aipokee, aulize habari za nyumbani kwanza. Mengi ya maana husemwa baada ya karatasi kukunjwa.

Ndoo na saa

Baada ya kuuliza kuna kupima, na hapa ndipo elimu ya kijana inapoanza kuwa na faida. Tuchukue mfano wa maji. Tuseme kwamba wanakijiji wanalalamika kuwa maji ya chemchemi hayatoshi, na wanaomba kisima kipya. Kijana achukue ndoo ya lita 20 na saa. Tuseme ndoo inajaa kwa sekunde 80. Hiyo ni robo lita kwa sekunde, au lita 900 kwa saa. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha lita 25 kwa mtu kwa siku, na kituo kimoja kwa watu 250. Watu 250 wanahitaji basi lita 6,250 kwa siku, na chemchemi yetu itazitoa kwa muda wa karibu saa 7.

Hesabu inaonyesha kwamba chemchemi inatosha, kwani kwa usiku na mchana hutoa lita 21,600. Mbona basi wananchi wanalalamika? Kijana akae pale siku tatu ahesabu wanaokuja na saa wanazokuja. Akiona kwamba karibu wote huja saa mbili za asubuhi na saa mbili za jioni, ameshapata jibu: katika saa hizo 4 maji yanayotoka ni lita 3,600 tu, na katika saa 10 za usiku lita 9,000 zinateremka bondeni bila ya mtu kuzikinga. Wananchi hawakusema uongo, maji hayawatoshi. Lakini dawa ya shida yao si kisima kipya chenye gharama kubwa. Ni tangi la kukusanya maji ya usiku. Ndoo moja, saa moja na siku tatu za subira zimekiokolea kijiji fedha nyingi.

Kipimo cha pili kinahusu vitu vilivyokwisha kuletwa. Mpango wa HESAWA, uliofanya kazi katika mikoa ya Kagera, Mara na Mwanza tangu 1985 hadi 2002 kwa msaada wa Sweden, ulijenga visima vifupi na kuwafunza watu wa vijijini kuvitunza. Hata hivyo uchunguzi wa vituo vya maji uliofanywa nchini katika miaka ya 2010 ulionyesha kwamba zaidi ya thuluthi ya vituo vilivyojengwa vijijini havikuwa vikifanya kazi. Kijana asiombe pampu mpya kabla ya kuzihesabu zilizokufa na kuuliza kila moja iliuawa na nini: kipuri kilichokosekana, fundi aliyehama, mfuko wa fedha uliofifia, au maji yenyewe kukauka. Kila sababu ina dawa yake. Orodha ya namna hiyo, ikikabidhiwa halmashauri ya kijiji na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, huwa na thamani kuliko kisima kinachojengwa ili kipigwe picha.

Hitaji lisilo na sauti

Yapo pia mahitaji ambayo wananchi hawatayataja kwa sababu wameyazoea au hawajui chanzo chake. Kichocho cha tumbo ni mfano mzuri kwa watu wa kandokando ya ziwa. Mtoto hupata vimelea akiwa majini, kwa njia ya konokono wadogo ambao hakuna anayewaogopa; ugonjwa huenda polepole, na dalili zake ni uchovu, maumivu ya tumbo na udhaifu ambao mzazi huuona kuwa ni hali ya mtoto. Hakuna mkutano utakaoomba dawa ya ugonjwa ambao haukuonekana. Hapa ni wajibu wa mwenye elimu kusema. Lakini aseme kwa kuonyesha, na kwa kushirikiana na zahanati, maana kijana wa kujitolea si tabibu, naye asijaribu kuwa tabibu.

Njia bora ya kuonyesha tuliiona katika mpango wa lishe wa Iringa, ulioanzishwa mwaka 1983. Huko watoto walipimwa uzito vijijini mwao wenyewe, na matokeo yakajadiliwa na viongozi na wazazi wa kijiji kile kile. Mpango ulifuata hatua tatu: kutathmini hali, kuchambua sababu, kutenda, kisha kutathmini tena. Mizani ilifanya utapiamlo uonekane, na ulipoonekana ukawa jambo la kijiji kizima, si siri ya nyumba moja. Kijana akumbuke mpango huo: kazi yake ni kuleta mizani mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma.

Kazi inayobaki

Hitaji likishatambuliwa, ni kazi gani inayomfaa kijana wa kujitolea? Ninapendekeza kipimo kimoja tu: akiondoka, nini kitaendelea? Kupiga matofali si kazi yake ikiwa kijijini wapo mafundi wanaotafuta ujira. Hapo anawanyang'anya riziki kwa jina la msaada. Kazi yake ni ile inayoacha ujuzi.

Ugonjwa wa mnyauko wa migomba, unaojulikana pia kwa jina la unyanjano, unaeleza jambo hili vizuri. Uligunduliwa Uganda mwaka 2001, na miaka michache baadaye ukathibitishwa Kagera. Majani hunyauka na kugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati, na mmea ukikatwa hutoa ute wa rangi ya manjano. Dawa ya kuuponya mgomba ulioathirika hakuna. Lakini kinga ipo, nayo ni rahisi: kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara chane la mwisho linapotokea, ili wadudu wasilete bakteria hapo, kusafisha panga kwa moto au kwa dawa ya kuua vijidudu kila baada ya mgomba mmoja, na kuondoa mapema shina lililougua. Kijana yeyote anaweza kujifunza haya kwa siku moja kutoka kwa mtaalamu wa Maruku, kilipo kituo cha utafiti wa migomba. Ugumu uko katika jambo jingine: kibanja kimoja kisichotunzwa kinaweza kuambukiza vibanja vya jirani. Kazi yafaa ifanywe na kitongoji kizima kwa wakati mmoja, na hilo linadai mazungumzo, ziara na subira. Vijana wana miguu na wakati. Hiyo ndiyo rasilimali yao.

Tena, hata suluhisho zuri lipelekwe kwa watumiaji wake kabla ya kutangazwa. Mwaka 2021 Tanzania iliidhinisha aina nne za migomba chotara, TARIBAN 1 hadi TARIBAN 4, baada ya majaribio ambayo wakulima walishirikishwa. Mgomba wenye mkungu mkubwa ambao ndizi zake hazipendezi chunguni ni mgomba ulioshindwa, hata kama takwimu zake zinawafurahisha watafiti. Ladha nayo ni hitaji.

Vijana wa kijiji chenyewe

Sina budi kutaja hoja iliyo nzito kuliko zote dhidi ya maoni yangu. Utafiti mkubwa wa kaya za Kagera, uliozihoji kaya zaidi ya 900 kati ya 1991 na 1994 na kuwatafuta tena watu wake mwaka 2004, ulionyesha kwamba matumizi ya waliohama kutoka jamii zao yalikua kwa kiasi cha asilimia 36 zaidi ya yale ya waliobaki. Kwa maneno mengine, kijana wa Rubafu aliyeondoka aghalabu alifanya vizuri. Kwa nini basi tumtake kijana wa kijijini abaki ajitolee, ilhali yule wa chuo kikuu anakuja kwa mwezi mmoja na kurudi kwenye ajira mjini?

Hoja hii ni ya haki, na haijibiwi kwa hotuba. Kijana wa kijijini anayehesabu visima, anayepima ndoo na kuzungukia vibanja anafanya kazi ile ile ya mgeni, na mara nyingi kwa ufanisi zaidi, kwa kuwa anaijua lugha na njia. Kama mgeni anapewa nauli na posho, mwenyeji naye apewe. Kama mgeni anapata cheti kinachomsaidia kutafuta kazi, jina la mwenyeji liandikwe katika cheti cha namna hiyo hiyo. Akija kuamua kuhama, ahame na ujuzi unaotambulika. Akiamua kubaki, abaki kama fundi wa maarifa katika kijiji chake. Kumwomba ajitolee bure kwa sababu tu amezaliwa hapo ni kuuendeleza ule upungufu tunaodai kuuondoa.

Kwa vyuo na mashirika yanayopeleka vijana vijijini nina pendekezo moja ambalo halihitaji fedha nyingi. Kila kundi litakalokwenda kijijini liandike kwa Kiswahili, kwa lugha ambayo mwenyekiti wa kijiji anaweza kuisoma mbele ya mkutano, mambo manne: nini kiliulizwa na kwa nani, nini kilipimwa na kwa namba gani, nini kilifanywa, na nini hakikufanikiwa. Nakala moja ibaki katika ofisi ya kijiji. Hivi sasa taarifa nyingi za vijiji vyetu hukaa katika maktaba za vyuo, aghalabu kwa lugha za kigeni, na kundi linalofuata huanza upya kuwauliza watu wale wale maswali yale yale. Wananchi wamechoka kuulizwa. Takwimu za kijiji ni mali ya kijiji, na kundi lisilozirudisha halijamaliza kazi yake, hata kama limejenga darasa.